Paka-Bunju Mwenye Mwanya

Wapo watu wakifungua mlango, mlango wenyewe unajua umefunguliwa. Mama Daktari ni mmoja wao. Asubuhi ile aliusukuma mlango wa duka la picha kwa bega, kengele ndogo iliyofungwa juu yake ikalia mara moja, uzi ukakatika, ikaanguka. Aliiruka bila kuitazama, akaenda kusimama katikati ya duka, mikono kiunoni.

Nyuma yake akaingia mwanawe, daktari wa meno, amekunja uso kama vile leo ni zamu yake yeye kung'olewa jino.

Wino, binti mwenye duka, alikuwa mezani, rola ya kupakia wino mkononi, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Vidole hivyo ndivyo vilivyompatia jina, na aliyempa jina hilo ni huyu huyu aliyesimama sasa mlangoni akitazama viatu vyake. Moyo ukamlipuka. Akaukemea kimyakimya. Tangu uchumba wao uvunjike alikuwa ameukemea mara nyingi, lakini moyo ule ulikuwa sikio la kufa, hausikii dawa.

"Shikamoo mama," akasema, maana alilelewa na watu.

Mama Daktari hakuitikia. Alizungusha macho ukutani, akayarudisha.

"Zimebaki picha ngapi?"

"Za nani?"

"Usinichezee akili, binti. Unajua za nani."

Kwa asiyewahi kuingia duka lile, ni hivi. Wino alichonga mbao, akazipaka wino na kuchapa picha za viumbe wa baharini ambao bahari yenyewe haiwajui: twiga mwenye mikono minane ya pweza, mbuzi aliyejifunika gamba la kasa, punda milia mwenye mkia wa samaki taa, tembo aliyeota magando ya kaa mahali pa masikio. Watu walikuja wakacheka, wakanunua, wakaenda kuwatundika vyumbani kwa watoto. Na kati ya wote hao hakuna aliyependwa kama Paka-Bunju. Uso wa paka, mwili wa bunju, yule samaki anayevimba akikasirika mpaka anakuwa mpira wa miiba. Huyu alikuwa amevimba kwelikweli, mapezi yake mawili ameyaweka kiunoni, mdomo wazi kwa ugomvi, na katikati ya meno ya juu ana mwanya. Shavu lake la kulia lina kishimo.

Sasa mtazame Mama Daktari. Mwanya anao. Kishimo anacho, kimoja tu, shavu la kulia. Na mikono yake wakati wa hasira, ambao kwa kweli ni wakati mwingi, hukaa kiunoni.

Aliyegundua wa kwanza ni shangazi yake Daktari, mtu asiyeweza kuficha jambo hata la kwake mwenyewe. Alipita mbele ya duka, akaiona picha dirishani, akacheka mpaka akakaa chini pembeni mwa barabara. Kufika jioni, ukoo mzima ulikuwa umeshapita dirishani. Kesho yake Daktari alikuja, akamwambia Wino kwamba hawezi kumwoa mwanamke anayemfanyia mama yake dhihaka, akanyoosha mkono. Wino akaivua pete, akaiweka kwenye kiganja kile. Maneno aliyokuwa nayo yalimkaba kooni, na huko kooni ndiko yalikokaa mpaka leo.

"Zimebaki chache," akasema sasa. "Zinakwisha haraka."

"Tunazichukua zote. Na ubao wake."

"Picha zinauzwa. Ubao hauuzwi."

"Dukani kila kitu kinauzwa."

"Kwako wewe unashona, mama. Mteja akija akataka gauni, unampa gauni. Akitaka na cherehani?"

Mama Daktari akasonya, msonyo mrefu wa kushona pindo zima. "Unamwona, mwanangu? Unamsikia ulimi? Na huyu ndiye ulitaka aniite mama."

"Wino," Daktari akaanza, sauti ya chini, ile anayowapoozea watoto kwenye kiti. "Tumalize jambo hili kwa heshima."

"Jina hilo lilikwenda na pete. Niite mwenye duka."

"Mwenye duka, basi. Tumekuja kununua. Unatuuzia au hutuuzii?"

Alikuwa amekonda. Wino aliliona hilo na kujichukia kwa kuliona. Shati lake lilipungukiwa kifungo cha pili, yeye mtoto wa mshonaji. Alipobana midomo, kishimo chake kikatokeza shavuni, upande wa kushoto. Zamani Wino alikuwa akikitia nukta ya wino kwa ncha ya kidole, halafu anaondoka mbio, naye anamkimbiza kuzunguka meza hii hii. Siku hizo alimwita Mwanya, na akiitwa hivyo aliitika.

"Umekuja na mama yako," akamwambia.

"Sikutaka aje peke yake."

"Siku zote unakuja naye. Hata maneno yako huja naye."

"Mwache mwanangu," Mama Daktari akaingilia. "Gomba na mimi. Mimi ndiye uliyenichora. Unajua nilivyochekwa kwa ajili yako? Alikuja bibi harusi kupimwa gauni. Nimepiga magoti, mdomo umejaa pini, napanga upindo. Msichana ananitazama kwa juu, anaanza kutetemeka kwa kicheko. Namwuliza, kulikoni, mwanangu? Anasema, samahani mama, picha yako tunayo nyumbani, iko chumbani kwa mdogo wangu. Picha yangu. Mimi niliyemshonea mama yake gauni la harusi, nikamshonea na dada zake. Nikanyamaza, nisije nikazimeza pini."

Wino hakuwa anajua habari hiyo. Ilimchoma. Alimwona mama yule pale chini magotini, mtu mzima, fundi anayeheshimiwa, anachekwa na mtoto aliyemvalisha. Akataka kusema pole. Lakini mbele yake alisimama mwanamume aliyenyoosha mkono wa kudai pete bila kuuliza lolote, na pole ikagoma kutoka.

"Ubao utaufanyia nini?" akauliza.

"Nitauchoma. Nitauchemshia chai, nimwite na shangazi yake aje tunywe pamoja."

"Na ukishauchoma?"

"Utakuwa umenitoka. Hutatuona tena hapa, wala mimi, wala huyu."

Wala huyu. Daktari hakupinga. Alikuwa anatazama sakafu, kengele ikiwa karibu na mguu wake, na hakupinga. Wino akamsubiri. Alimpa nafasi ya kutosha kusema hata nusu ya neno, naye akaitumia kukuna shingo.

Hapo kitu kikamkatikia Wino ndani. Alikuwa ameuweka ubao ule kwa muda wote huu kama mtu anavyoweka ufunguo wa nyumba aliyohamishwa. Sasa akajiona mjinga. Akaenda kwenye kabati, akavuta droo ya chini kabisa, akautoa. Ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa cha bluu, vile vitambaa wanavyofungwa watoto kifuani kabla hawajapanua midomo. Daktari alikitambua. Kilikuwa cha kliniki yake.

"Haya," Wino akasema, akaubwaga ubao mezani. "Chukueni. Na picha nitawafungia. Kisha mniondokee."

Mama Daktari hakungoja kuambiwa mara mbili. Akafungua kitambaa, akavaa miwani yake, akainama kumtazama adui yake kwa mara ya mwisho. Ubao ulikuwa mweusi kwa wino wa zamani, lakini mistari iliyochongwa ilionekana vizuri: miiba, masharubu, mapezi kiunoni, mwanya. Alitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa mtu anayetaka kuni za chai.

"Huu sio," akasema.

"Ndio huo."

"Sio. Wewe ni tapeli. Unatupa ubao mwingine tukachome, wa kweli umebaki nao, tukigeuza mgongo unaanza kuchapa upya." Akanyakua picha moja ya Paka-Bunju kutoka kwenye rafu, akaiweka kando ya ubao. "Tazama. Kwenye picha kishimo kiko huku." Akagusa shavu lake la kulia. "Kwenye ubao kiko huku." Akagusa la kushoto, ambalo halikuwa na kitu. "Unadhani mimi sioni?"

"Mama, ubao ni mmoja tu. Ukipakwa wino ukachapwa kwenye karatasi, picha inatoka imegeuka. Kilicho kulia kinahamia kushoto. Ukitaka kikae mahali pake, unageuza mchoro kwanza ndipo uchonge. Siku ile sikugeuza. Nilikuwa namtazama mtu, nachonga kama ninavyomwona."

"Unanifundisha mimi kugeuza?" Mama Daktari akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua. Maana jambo lenyewe alilijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Ukikata kitambaa bila kukigeuza, mkono wa kulia wa gauni unakuwa wa kushoto. Aliwahi kuharibu kitambaa cha watu kwa kosa hilo hilo, na akalia.

Akainua macho kutoka kwenye ubao. Akageuka polepole, akamtazama mwanawe.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, amevimba kwa hasira na aibu, mikono yote miwili kiunoni. Midomo kaibana. Kishimo kimetokeza, shavu la kushoto.

"Njoo hapa," mama yake akasema.

"Mama, tulipe twende."

"Nimesema njoo. Na hiyo mikono usiitoe hapo ilipo."

Akaja. Mama Daktari akaunyanyua ubao kwa mikono miwili, akauweka kando ya uso wa mwanawe kama anavyoweka kitambaa kwenye bega la mteja kuona rangi inamfaa au haimfai. Inamfaa. Nyusi ni zake, zinakutana katikati. Lile sikio moja lililokaa juu kidogo ni la kwake, la baba yake na babu yake. Mwanya amerithi kwa mama. Kishimo amepewa na Mungu, upande ambao mama hakupewa.

"Sema kitu," akamwamuru. "Gomba."

"Nigombe nini? Mama, unaniaibisha."

"Ndiyo. Hivyo hivyo." Akaushusha ubao. Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. "Ni wewe," akasema. "Kumbe ni wewe, mwanangu. Umechorwa wewe, nikachekwa mimi."

Daktari akauchukua ubao, akautazama karibu, akautazama mbali. Na Wino, aliyekuwa amejiapiza hatasema kitu, akajikuta anasema.

"Siku ile kiti chako kilipoharibika. Kilikwama juu na mtoto yuko kwenye kiti, ukamshusha kwa ngazi. Ukaja hapa umefura, ukasimama pale dirishani unagomba kwenye simu na waliokuuzia. Uligomba mchana wote. Mimi nimekaa hapa nina ubao mpya, na wewe uko mbele yangu umevimba hivyo, nikaona sijawahi kumpenda mtu kama ninavyompenda huyu bunju. Nikachukua patasi. Nilikuwa nachonga huku nacheka. Ulikata simu, ukaniaga, ukaondoka. Hukuuliza ninachonga nini."

"Nakumbuka kiti," Daktari akasema taratibu. "Wino, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi? Ulipoingia na hukumu mkononi? Hukuniuliza ni kweli au si kweli. Hukuniuliza ni nani. Ulisema yako, ukanyoosha kiganja. Mimi nilisimama pale nasubiri uniulize kitu kimoja tu, chochote, hata ungeuliza kwa matusi ningekujibu."

"Kila mtu alisema ni mama."

"Kila mtu hakuwa amenivisha pete."

Daktari akaurudisha ubao mezani.

"Na wewe," Wino akaendelea, maana sasa koo lilikuwa limefunguka na kulifunga si kazi ndogo, "wewe kutwa nzima unatazama meno ya watu kwenye kioo. Kulia ni kushoto, kushoto ni kulia, ndiyo kazi inayokulisha. Wewe kati ya watu wote, hukuangalia hata mara mbili."

"Nilikosea."

"Ulikosea."

"Nisamehe." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kidogo kilichozungushiwa pamba, pamba nyeupe ya kliniki. Ndani yake ilikuwemo pete. Inaonekana alitembea nayo siku zote hizo. "Sikuiweka hata sandukuni. Naomba uirudishe kidoleni."

Hapa wengine wangelia, wakakumbatiana, tukaenda kula pilau. Wino aliitazama pete ile kwa macho yaliyokuwa yameanza kulowa, na kila kidole chake kiliitaka. Akaweka mikono nyuma.

"Irudishe kwenye pamba yake," akasema. "Leo umeniamini kwa sababu ya ubao. Kesho atakuja mtu na maneno mengine yasiyo na ubao. Nitakuonyesha nini?"

Daktari alisimama na pete kiganjani, kiganja kile kile. Kishimo hakikuonekana tena, uso wote ulikuwa umelegea.

"Umepata jibu lako," mama yake akamwambia, bila ukali. "Angekuwa mtoto wangu wa kike ningemfundisha ajibu hivyo hivyo." Akainuka, akajinyoosha gauni. "Nifungie picha moja."

Wino alidhani hakusikia vizuri. "Moja?"

"Moja. Nitaitundika pale ninaposhonea. Bibi harusi akicheka, namwambia, ni mwanangu huyo, na uso wake unatazamwa bure lakini meno anayatazama kwa miadi."

Wino akafunga picha, karatasi ikakunjika pembeni, akalazimika kuanza upya. Wala Mama Daktari hakumharakisha. Alilipa, akaweka mzigo kwapani. Radhi hakuomba, si mtu wa hivyo. Lakini alipofika mlangoni alisimama, akasema bila kugeuka:

"Marahaba."

Akatoka. Wino alibaki ameduwaa, mpaka akakumbuka kwamba alikuwa amemwamkia.

"Mfuate mama yako," akamwambia Daktari.

"Picha zilizobaki?"

"Zimerudi kwenye rafu. Mteja amebadili nia."

"Nirudi lini?"

"Mimi sijui lini. Duka liko wazi kwa wateja."

Akamwangalia mpaka akatoka, kisha akakaa, akainamisha kichwa mezani, akalia kidogo kwa hasira. Hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi; alijua fika kwamba kama yule mtu angesimama dakika moja zaidi angemrudia, na alimkasirikia kwa kutoka kama alivyomkasirikia kwa kuja. Akapangusa uso kwa mgongo wa mkono, akajipaka wino kipajini. Akavuta ubao mpya na patasi ndogo. Mikono ikitulia, na yeye hutulia.

Akaanza na nyusi. Hakuhitaji mtu wa kumtazama.

Mlango ulifunguliwa bila mlio, maana kengele ilikuwa bado chini. Wino aliisikia ikiokotwa. Akasikia uzi ukifungwa, mtu akijivuta juu kwa vidole vya miguu, kisha kengele ikilia kidogo, ikijaribiwa. Hakuinua kichwa. Viatu vikaja taratibu, vikasimama ng'ambo ya meza. Vya mtu mmoja.

"Unachonga nini?" Daktari akauliza.

Patasi ikasimama.

"Umechelewa kuuliza."

"Najua. Unachonga nini?"

"Sijakusamehe."

"Sikuuliza hilo. Nimeuliza unachonga nini, Wino."

Jina hilo alikuwa amemkataza. Akatafuta hasira ya kumkatazia tena, akaikosa. Ilikuwepo sasa hivi tu. Akavuta kiti kwa mguu, akakisukuma upande wa dirishani, kwenye mwanga.

"Kaa pale," akasema. "Mwanya, nimesema kaa. Na hiyo mikono itoe kiunoni."

Akakaa. Akaweka mikono magotini kama mgonjwa wake mwenyewe, akabana midomo asicheke. Wino akamtazama, akageuza kila kitu kichwani, akashika patasi. Kisha akachonga kishimo shavu la kulia, ili kikichapwa kikae kushoto, mahali pake.